Paa Linaloinuka na Jua la Miasenyi

Mama Mkawasi,

Nakusalimu kwa sauti kubwa, maana huku ughaibuni watu husalimiana kwa kunong'ona na mimi nimechoka kunong'ona. U mzima? Lile goti lililokusumbua wakati wa baridi limepona, au bado unalidanganya kwa mafuta ya kuchua? Na binti yetu anaendeleaje katika chuo cha walimu? Bado anabishana na wakufunzi wake? Kama anabishana, mwache. Kama ameacha, niandikie upesi, nitajua ni mgonjwa.

Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haitulii. Tangu barua yako ifike, nikirudi kutoka karakana ya mabasi natembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, nafungua kitabu, nakifunga. Nilishika kalamu nimjibu mhariri mmoja wa gazeti aliyeandika upuuzi juu ya Afrika, na kabla sijamfikisha ninapopataka nikakumbuka kwamba kuna mtu mmoja tu anayenidai jibu, naye ni wewe. Mhariri ana bahati.

Uliniuliza swali moja fupi: "Utakaporudi, utakaa wapi?" Mimi nikakujibu kwa kurasa nyingi za gari. Nikakusifia hili gari la kulalia nililonunua kwa mwalimu mstaafu na mkewe, jinsi lilivyo na jiko dogo, kabati, kiti kinachogeuka kitanda, na paa linaloinuka. Nikakuambia kwamba nitaliwekea friji na kulifungia paneli za umeme wa jua, ili maziwa yanayoshuka kwako kutoka Werugha milimani yasigande tena kabla hayajafika kwenye sufuria. Nilidhani utafurahi. Wewe ukanirudishia mistari ambayo nimeisoma mpaka karatasi imelegea: "Baba Mkawasi, hapa Miasenyi kila kitu kinapita. Reli inapita, bomba la maji linapita, nguzo za umeme zinapita, malori yanapita. Sasa na wewe unataka kuniletea nyumba ya kupita. Gari si jibu. Nijibu kabla ya mvua za vuli, maana nataka kujua kama ninaongeza chumba au ninaziba mlango."

Ninaziba mlango! Mwanamke, ungeandikia magazeti wewe, mimi ningekosa kazi.

Basi hii ndiyo barua ya jibu. Lakini unanijua. Siwezi kufika penye jibu bila kugombana na watu wawili watatu njiani. Vumilia.

Kwanza nikueleze hilo paa, maana ndilo lililoleta vita. Ndani ya gari unashika mpini, unasukuma kwenda juu, na paa linanyanyuka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku la nguo. Springi mbili zinasaidia kulibeba. Turubai lenye madirisha ya wavu linajikunjua, na hapo juu pana kitanda cha mbao cha mtu kulala apate upepo. Asubuhi unalishusha, unalifunga kwa kulabu, unaondoka. Rafiki yangu Athumani alipoliona mara ya kwanza alizunguka gari lote mikono mgongoni kama ananunua ng'ombe, kisha akasema, "Mwadime, nimeona wanaume wakinunua nyumba na nimeona wanaume wakinunua kofia. Sijaona aliyenunua vyote kwa pamoja."

Athumani nilikutajia zamani. Ni Mtaveta, aliyekuwa akivusha vitenge mpakani kabla hajaja huku kufanya kazi kwenye maghala ya bandari. Ni mtu wa kujisifu sana. Hajawahi kushindwa biashara, hata zile alizoshindwa.

Sasa, paneli. Huku zinauzwa katika duka la vifaa vya mashua, kwa sababu wanaoweza kununua umeme wa jua ni wenye mashua za starehe. Hebu lifikirie jambo hilo uone kama halikupandishi damu. Nchi hii jua lake ni kama mkaguzi wa shule, huja kwa nadra na kwa kuvizia, na bado ndiyo inayotuuzia sisi mitambo ya jua! Sisi tulio nalo mpaka linatubabua visogo tunasoma kwa kibatari, na nguzo za umeme wa wengine zimepita juu ya vichwa vyetu. Nilimwambia hivyo mwenye duka kabla hata hajaniuliza ninataka nini. Ni mzee mpole mwenye ndevu za njano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe bwana, una mashua ya namna gani?"

"Sina mashua. Nina gari, na ninalipeleka nyumbani."

Akanionyesha paneli za aina tatu. Ya kwanza ni ndogo kama sinia, ya kuzuia betri isife tu gari likisimama muda mrefu. Hiyo nikaipita. Ya pili ni nyembamba, haina kioo, unaibandika juu ya paa kama kiraka. Ni nyepesi ajabu, na ndiyo aliyotaka ninunue, akisema paa la kuinuliwa kwa mikono halipendi mzigo. Nikaigeuza nikaikuna kwa ukucha, ikaacha alama. Nikamwambia, "Kwetu vumbi ni jekundu na lina mchanga. Asubuhi moja ya kulifuta na hii itakuwa kama uso wa mtu aliyeanguka na baiskeli." Isitoshe, ukiibandika moja kwa moja kwenye bati la gari pale Miasenyi itaokwa chini na juu kama mkate, na vitu hivi, ajabu yake, vinapenda mwanga lakini vinachukia joto. Vikichemka vinazalisha kidogo. Nilisoma hayo maktaba, na mzee akakiri kuwa ni kweli.

Ya tatu ni ya kioo kigumu na fremu ya alumini. Ni nzito lakini ni ya kudumu, na unaweza kuiinua kidogo kwa vipande vya mbao ili upepo upite chini yake. Hiyo ndiyo niliyoichagua. Hapo vita vikaanza.

"Utazielekeza kusini," mzee akasema, akitoa kitegemeo cha chuma kilichosimama karibu wima, "na utazisimamisha hivi."

"Kusini kwa nani?"

"Kusini ni kusini, bwana."

"Kwetu saa sita za mchana jua liko utosini. Miezi mingine linaegemea kaskazini, mingine kusini. Nikizisimamisha hivyo zitakuwa zinatazama mbuga kama twiga, na jua linazichapa kisogoni."

"Kitabu cha maelekezo kinasema hivi."

"Kitabu kiliandikwa na mtu wa mtaa huu!"

Watu wawili waliokuwa wakichagua kamba wakatoka dukani. Mzee akakuna ndevu zake, akakitazama kitabu, akanitazama mimi, halafu akakirudisha kile chuma rafuni. "Sijawahi kumuuzia mtu wa ikweta," akasema. "Zilaze basi." Nilitoka pale nimevimba kifua. Nikaagiza paneli nne. Aliuliza, "Nne? Kwa friji ndogo na taa mbili?" Nikamwambia nne ni nne. Kwa siku hiyo nilikuwa nimeshinda vya kutosha, sikutaka kusikia zaidi.

Jumapili nikamwita Athumani tujaribu kama paa litabeba uzito. Paneli zenyewe hazijafika, kwa hiyo tulifunga viazi katika vifuko vinne, kila kimoja na uzito wa paneli moja, tukavifunga juu ya paa kwa kamba. Athumani akaingia ndani kushika mpini. Mimi nikabaki nje kusimamia, kazi ninayoiweza.

"Sukuma!"

"Nasukuma!"

"Hiyo ni kusukuma au ni kuomba dua?"

"Njoo wewe basi, bingwa wa maneno!"

Nikaingia. Tukasukuma pamoja mpaka mishipa ya shingo ikatutoka. Paa likapanda nusu, likasita, springi zikalia kama mbuzi, na likarudi chini kwa kishindo. Kofia ya Athumani ikabaki bapa kichwani. Alikaa sakafuni, akaivua, akaitazama. "Wallahi, leo umenipunguza urefu. Toa vifuko viwili."

"Sitoi."

"Kwani paneli nne za nini? Unawashia taa uwanja wa mpira?"

Hapo nikamfanyia hotuba. Nilimwambia jua si la kuaminiwa. Asubuhi ukungu umefunika kila kitu na hauondoki mpaka saa nne. Ukiondoka, unapata jua la kuanikia nguo, na alasiri mawingu yameshuka tena kutoka kileleni. Mwezi wa saba unaweza kumaliza juma hujakiona kivuli chako. Nikampa mfano wa mfereji wetu: zamu yako ya maji ikifika, hujui yatakuja mengi au ya kulowesha vidole, kwa hiyo unapanua mdomo wa bwawa lako ukamate hata kidogo kinachopita. Paneli ni mdomo wa bwawa. Mwenye akili anapiga hesabu ya siku mbaya. Nilisema vizuri, Mama Mkawasi. Ningekuwa jukwaani ningepigiwa makofi.

Athumani alikuwa akiinyoosha kofia yake kwa goti. "Huko unakokuzungumzia ni wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Werugha, wapi tena!"

"Na mkeo yuko wapi?"

"Miasenyi."

"Miasenyi kuna ukungu?"

Nikashika tena mpini wa paa.

"Mimi pale nimepita na vitenge vyangu mara nyingi nikielekea Mombasa," akaendelea, na sasa alikuwa ameshaanza kufurahi, mwendawazimu yule. "Jua la pale halijui kupiga hodi. Linaingia alfajiri na kutoka magharibi. Nilimwona mbuzi amejificha chini ya lori linalotembea. Ukiweka paneli nne pale, betri itachemka kuliko chai ya mkeo. Bwana wee, umepiga hesabu ya jua la kwa marehemu mama yako, si la kwa mkeo."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia watu wa nyanda za chini hawajui hali ya hewa kwa sababu hawana hali ya hewa, wana joto tu. Nilimwambia mambo mengine ambayo sitayaandika. Akacheka, akachukua viazi vya kifuko kimoja kuwa fidia ya kofia, akaenda zake.

Nilizunguka mji mzima jioni ile. Nilipita bandarini, nikapita maktaba imefungwa, nikarudi, nikatoka tena. Kila hoja niliyoitunga dhidi yake ilifika mahali ikakaa chini. Kwa sababu ni kweli. Mimi nikisema "nyumbani," kichwani mwangu kuna baridi ya asubuhi, matuta ya kabichi yanatoa mvuke, na mama anawasha moto wa kuni mbichi. Lakini mama tulimzika, na sehemu yetu ya matuta ilikuwa nyembamba kama mkanda, na wewe ndiye uliyeshuka na mizigo yetu mabegani, ukatafuta kiwanja kando ya barabara kuu, ukafyatua matofali, ukaezeka bati, ukaanza kuwapikia chai madereva wa malori. Mimi nilikuwa huku nikisoma. Nilijua hayo yote. Nimeandika "Miasenyi" juu ya kila bahasha. Kumbe ni mkono tu uliokuwa ukiandika.

Nikaitoa ile picha uliyonitumia, umesimama mbele ya mlango wa mkahawa wako na birika mkononi. Nimeitazama mara nyingi, lakini nilikuwa nakutazama wewe. Safari hii nikatazama chini. Kivuli chako kiko miguuni pako, kidogo, cha mviringo, kama sahani uliyoikanyaga. Bati nyuma yako linameta mpaka picha imeungua ukingoni. Hakuna ukungu. Hakuna hata wingu. Mke wangu amesimama katika jua lile miaka hii yote na mimi nimemnunulia paneli za mahali pengine.

Jumatatu nikarudi dukani. "Mbili," nikamwambia mzee. Akainua nyusi. Nikamwambia, "Usiseme neno." Alitabasamu tu ndani ya ndevu, na mimi, kwa mara ya kwanza katika nchi hii, nikamwacha mtu ashinde bila kumfuata mpaka mlangoni.

Zimefika na nimezifunga. Paa sasa linapanda kwa mkono mmoja. Athumani alikuja, akalipandisha na kulishusha mara kadhaa kama mtoto aliyepata mlango mpya, akasema, "Sasa kofia inamkaa mwenyewe." Tuliweka friji, ile ya kufunguliwa juu, na ingawa jua la huku ni la aibu, chupa ya maziwa ilikaa usiku kucha na asubuhi ilikuwa baridi. Niliyanywa wima, palepale.

Hapo ndipo ulipo ukweli ambao nataka uusikie kutoka kwangu. Gari likiwa jepesi hivi, likiwa na umeme wake lenyewe na kitanda chake lenyewe, linaweza kwenda popote. Nilikaa kwenye usukani, injini imezimwa, nikaanza kwenda kwa mawazo. Nilipanda Wundanyi. Nilikwenda Taveta kumwonyesha Athumani kwao. Nilizunguka Kasigau, nikafika Marungu nikabishana na chifu, nikalala juu ya paa nikisoma kwa taa ya jua, na asubuhi nikaondoka kabla hajanijibu. Safari tamu hiyo, mke wangu. Nyayo ziliniwasha. Na katika safari hiyo yote friji ilikuwa nyuma yangu, na maziwa yako yalikuwa yanaganda Miasenyi.

Nimeandika nusu ya maisha yangu dhidi ya vitu vinavyopita juu ya vichwa vyetu kwenda kuwafaa wengine. Nimewatukana wenye bomba, wenye nguzo, wenye reli. Halafu nilete mtambo wa jua, niusimamishe mbele ya mlango wako siku mbili, nipige honi niende? Hapana. Hata mimi nina mipaka ya ukaidi, ingawa najua utaisoma sentensi hii mara mbili.

Jibu langu ni hili. Ongeza chumba. Usizibe mlango. Gari limeshapata nafasi katika meli, na karakana yetu inafungwa, kwa hiyo hata wangetaka kunizuia hawana pa kunizuilia. Natarajia kuwa nawe vuli inapoanza. Gari litasimama uwanjani kwako. Mchana paa litakuwa chini, paneli zimelala chali zikinywa jua. Jioni tutaliinua tupate upepo. Nitalala chumbani, ila siku tukikorofishana nitapanda kule juu, na usinipelekee chakula mpaka niombe.

Mahali pa kulisimamisha chagua wewe. Pasiwe karibu na ule mgunga wa jikoni. Kivuli cha tawi moja tu juu ya paneli kinaiba umeme mwingi. Simama uwanjani asubuhi, adhuhuri na alasiri, uone ni wapi kivuli hakifiki kabisa. Nafikiri ni pale uliposimama kwenye picha. Kila asubuhi vumbi litafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na maji ya kusuuzia vikombe yanatosha. Ya kunywa usiyaguse.

Msalimie mama mkwe wangu kule Werugha, umwambie ng'ombe wake wanaokupa maziwa sasa wamepata wakili. Msalimie shemeji Mwakio wa Marungu, asikeshe peke yake kulinda mahindi dhidi ya ndovu, anisubiri nije niwahutubie ndovu wenyewe. Msalimie kaka yangu Kidai katika matuta yetu, na fundi wa baiskeli jirani yako, ambaye bado tuna ubishi kuhusu bei ya pamba. Binti yetu mbusu, kisha mpinge jambo moja kwa niaba yangu.

Na wewe nifanyie kazi moja ya mwisho. Tafuta mawe manne makubwa, bapa, uyapange mahali utakapopachagua. Gari likifika tutaliinua kwa jeki na kuliweka juu ya mawe hayo. Madereva wako watasema limekufa. Waache waseme, watakunywa maziwa baridi kutoka ndani yake. Magurudumu utayafungia chumbani, na ufunguo ukae kwako. Unanijua, itafika siku nitaamka nimekasirishwa na gazeti fulani, nitakuja mbio kuyadai. Siku hiyo nimiminie glasi ya maziwa, uniache ninywe mpaka chini, halafu uniambie umesahau ulipouweka ufunguo.

Ni mimi, mbishi wako,

Mwadime, Baba Mkawasi